Kundi la Damu na Saratani ya Kinywa: Herufi Haikulindi, Wala Haikuhukumu

Haya ni maandishi kamili ya mazungumzo ya elimu ya afya yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wananchi, vikundi vya kina mama na mikutano ya wazazi shuleni. Wakazi wanakaribishwa kuyasoma kwa sauti, kuyanakili na kuyabandika kwenye mbao za matangazo.

  

Mada ya leo ni swali moja. Mtu akienda kutoa damu, au mama mjamzito akienda kliniki, hupimwa na kuambiwa kundi lake la damu: A, B, AB au O. Baadaye husikia mahali kwamba watu wa kundi fulani hupata saratani zaidi kuliko wengine. Hapo huuliza: je, kundi la damu linaweza kumletea mtu saratani ya kinywa?

Jibu fupi ni hili. Watafiti wameuliza swali hilo kwa dhati na bado wanaliuliza. Kwa saratani ya tumbo na ya kongosho, uhusiano fulani umeonekana, ingawa ni mdogo. Kwa saratani ya kinywa, tafiti zinapingana. Na hata tukichukua zile zilizoona uhusiano, herufi ya damu haikaribii hata kidogo uzito wa mambo mengine ambayo kila mtu hapa anayajua kwa majina: sigara, ugoro, pombe na tambuu.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu kulielewa vibaya kuna gharama. Mtu wa kundi O akiamini kwamba damu yake inamkinga, anaweza kukaa na kidonda mdomoni miezi sita. Mtu wa kundi A akiamini kwamba amekwisha kuhukumiwa, anaweza kusema, "Kuacha sigara kuna faida gani tena?" Wote wawili watakuwa wamepotea kwa sababu ya herufi moja kwenye kadi.

HERUFI HIZI NI NINI

Makundi ya damu yaligunduliwa na daktari Karl Landsteiner mjini Vienna, nchini Austria, akachapisha matokeo yake mwaka 1901. Kabla ya hapo, kumwekea mgonjwa damu ya mtu mwingine kulikuwa bahati nasibu. Wengine walipona, wengine walikufa papo hapo. Landsteiner alionyesha kwamba damu za watu hazifanani, na zisipolingana hugandamana. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

Tofauti yenyewe ni ndogo. Juu ya chembe nyekundu za damu kuna vijisukari vilivyojipanga kama alama. Mwenye alama ya aina ya kwanza ni kundi A, mwenye ya pili ni B, mwenye zote mbili ni AB, na asiye na yoyote kati ya hizo ni O. Mtoto hurithi alama hizi kutoka kwa baba na mama. Hakuna chakula, dawa wala maombi yanayozibadilisha, na hakuna kundi lililo bora kuliko jingine. Nchini Kenya, kundi lenye watu wengi zaidi ni O, na lenye watu wachache zaidi ni AB.

Sasa, kwa nini mtu aliyesoma ahusishe damu na kinywa? Kwa sababu alama hizi haziko kwenye damu peke yake. Zinapatikana pia kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo, na kwa watu wengi zimo hata kwenye mate. Wachunguzi wa maabara wameona kwamba chembe za kinywa zinapogeuka kuwa saratani, mara nyingi hupoteza alama hizo. Kwa hiyo swali lina msingi wake. Lakini kuna tofauti kati ya kusema kwamba alama hupotea saratani inapoingia, na kusema kwamba alama ndiyo iliyoileta saratani. Nyumba ikiungua, rangi ya ukuta hutoka. Hiyo haina maana kwamba rangi ndiyo iliyowasha moto.

SWALI LILIANZIA WAPI

Mwaka 1953, madaktari watatu wa Uingereza, Aird, Bentall na Roberts, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa saratani ya tumbo. Waliona kwamba watu wa kundi A walikuwa wengi kidogo miongoni mwa wagonjwa hao kuliko walivyotarajiwa. Tofauti ilikuwa kama sehemu moja juu ya tano. Tangu siku hizo, watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakipima makundi ya damu ya wagonjwa wa kila aina ya saratani. Mwaka 2009, tafiti kubwa zilionyesha kwamba watu wasio wa kundi O wana hatari kubwa kidogo ya kupata saratani ya kongosho.

Ilipofika zamu ya kinywa, mambo hayakwenda sawasawa. Tafiti nyingi zimefanyika katika hospitali za India, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida. Baadhi zilisema kundi A liko hatarini zaidi. Nyingine zikasema B. Nyingine zikasema O, na nyingine hazikuona tofauti yoyote. Mashahidi wakija mbele ya hakimu na kila mmoja akamtaja mtu tofauti, hakimu hawezi kumfunga yeyote.

KWA NINI MAJIBU YANAGONGANA

Zipo sababu tatu ambazo mwananchi yeyote anaweza kuzielewa.

Ya kwanza ni idadi. Tafiti nyingi kati ya hizo zilihusisha wagonjwa wachache, mia moja au mia mbili. Ukirusha sarafu mara kumi unaweza kupata upande mmoja mara saba. Hiyo haina maana kwamba sarafu imechezewa.

Ya pili ni nani analinganishwa na nani. Watafiti huchukua wagonjwa waliofika hospitalini na kuwalinganisha na watu wengine, mara nyingi wachangiaji damu. Lakini mchangiaji damu kwa kawaida ni kijana mwenye afya, na mgonjwa wa saratani ya kinywa kwa kawaida ni mtu wa makamo au mzee. Pengine wametoka sehemu tofauti na wana maisha tofauti. Mzani wa namna hiyo umeinama kabla ya kuwekewa chochote.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi, na inatugusa watu wa Pwani. Makundi ya damu hayagawanyiki sawasawa kati ya jamii na jamii. Kundi B, kwa mfano, lina watu wengi zaidi kaskazini mwa India kuliko Ulaya magharibi. Mazoea ya kinywa nayo hayagawanyiki sawasawa: jamii moja hula tambuu, nyingine huvuta sigara, nyingine hutafuna tumbaku, nyingine haigusi kimoja wapo. Ikiwa jamii inayokula tambuu ndiyo hiyo yenye watu wengi wa kundi B, basi mtafiti asiyekuwa mwangalifu ataona kundi B limejaa wadini na kulihukumu damu, ilhali mwenye kosa ni popoo na tumbaku. Damu imekamatwa kwa sababu ilikuwa imesimama karibu na mhalifu.

HESABU YA HATARI

Tuseme, kwa ajili ya mazungumzo tu, kwamba kuna kundi moja la damu linaloongeza hatari kwa sehemu moja juu ya tano, kama ilivyoonekana kwa tumbo. Hiyo ina maana gani kwa mtu mmoja?

Chukueni mfano wa hesabu. Hizi si takwimu za kaunti, ni mfano wa kufundishia. Katika watu 10,000, tuseme watano wangepata ugonjwa. Ukiongeza sehemu moja juu ya tano, wanakuwa sita. Ameongezeka mtu mmoja. Watu 9,994 wa kundi hilo hawataupata.

Sasa linganisheni na jambo jingine. Mwaka 1988, William Blot na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowauliza wagonjwa wa saratani ya kinywa na koo, pamoja na watu wasio wagonjwa, kuhusu sigara na pombe. Waliovuta pakiti mbili au zaidi kwa siku na papo hapo wakanywa zaidi ya vinywaji vinne vya pombe kwa siku walikuwa na hatari ya zaidi ya mara 35 kuliko wasiotumia vyote viwili. Rudisheni hiyo kwenye mfano wetu: watano wanakuwa 175. Watafiti hao walikadiria kwamba karibu robo tatu ya saratani zote za kinywa na koo nchini mwao zilitokana na moshi na chupa.

Kwa hiyo upande mmoja wa mzani kuna mtu mmoja wa ziada, ambaye hata yeye hajathibitishwa. Upande wa pili kuna 170. Upande wa kwanza hauwezi kubadilishwa, kwa sababu hakuna anayechagua damu yake. Upande wa pili unaweza kubadilishwa kuanzia leo jioni.

SOMO KUTOKA KILIFI

Wapo watakaosema kwamba idara ya afya inadharau makundi ya damu. Sivyo. Mfano mzuri upo hapa hapa Pwani.

Utafiti uliofanywa Mali, na mwingine uliofanywa Kilifi na wanasayansi wa KEMRI na Wellcome Trust, umeonyesha kwamba watoto wa kundi O hawapati malaria kali kwa urahisi kama watoto wa makundi mengine. Sababu yake inafahamika: chembe za damu zilizoingiwa na vijidudu vya malaria hushikana kwa ulegevu zaidi katika damu ya kundi O, kwa hiyo haziwi nyepesi kuziba mishipa midogo.

Huo ni uhusiano wa kweli, uliochunguzwa vizuri, na una nguvu kuliko chochote kilichosemwa kuhusu kinywa. Lakini je, kuna mama yeyote aliyeambiwa na muuguzi, "Mtoto wako ni kundi O, basi usimlaze ndani ya neti"? Hakuna. Mtoto wa kundi O bado hulala ndani ya neti. Akipata homa bado hupimwa. Akipatikana na malaria bado hupewa dawa. Kama kinga ya kweli ya kundi O haimtoi mtoto ndani ya neti, basi kinga ya kubahatisha haiwezi kumpa mtu mzima ruhusa ya kuendelea na ugoro.

KINACHOJULIKANA KWA UHAKIKA

Saratani ya kinywa huanzia midomoni, kwenye ulimi, chini ya ulimi, kwenye fizi, kwenye kaakaa au ndani ya mashavu. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu wapatao 377,700 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na wapatao 177,800 walifariki kwayo. Visababishi vyake vikuu vinajulikana.

Cha kwanza ni tumbaku ya kila namna. Sigara, kiko, tumbaku ya kujisokotea, ugoro wa kunusa na ule wa kuweka chini ya mdomo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 uligundua kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima nchini Kenya, karibu watu milioni 2.5, hutumia tumbaku. Jambo linalosahaulika ni kwamba kwa wanawake, tumbaku isiyo na moshi ndiyo inayotumika zaidi kuliko sigara. Kwa hiyo bibi ambaye hajawahi kushika sigara maishani, lakini ana kikopo cha ugoro kwenye pindo la leso, naye anahusika na mazungumzo haya. Kukosekana kwa moshi hakuondoi sumu. Inakaa pale pale ilipowekwa, juu ya fizi ile ile, kila siku.

Cha pili ni pombe. Iwe bia, mnazi, busaa, chang'aa au mvinyo wa bei ghali, kinachodhuru ni kileo chenyewe. Na pombe ikikutana na sigara hazijumlishwi, zinazidishana. Pombe hulainisha ngozi ya ndani ya mdomo, na sumu ya moshi hupenya kwa urahisi.

Cha tatu ni popoo, ndiyo inayotiwa ndani ya tambuu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba popoo husababisha saratani kwa binadamu, hata isipochanganywa na tumbaku. Hili ni gumu kusikika katika miji yetu, ambako tambuu imekuwa sehemu ya harusi na mapokezi ya wageni kwa vizazi. Hakuna anayetaka kuivunjia heshima desturi hiyo. Lakini nchi zenye saratani ya kinywa kwa wingi zaidi duniani, kama Papua New Guinea na zile za kusini mwa Asia, ndizo ambazo watu hutafuna popoo kila siku. Watu wa Papua New Guinea na wa India hawafanani kwa nasaba wala kwa mgawanyo wa makundi ya damu. Wanachofanana ni popoo. Mlaji wa tambuu wa kila siku anayeona mdomo wake unakuwa mgumu kufunguka, au pilipili inamchoma kuliko zamani, asisubiri.

Cha nne ni virusi vya HPV, ambavyo vinahusika zaidi na saratani ya koo, nyuma ya ulimi na kwenye mafindofindo. Hivi ni virusi vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo yake imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini Kenya tangu mwaka 2019. Mzazi asiyempeleka binti yake kuchanjwa amempotezea kinga ya kweli.

Na miraa na muguka? Swali hili huulizwa kila mara, na linapaswa kujibiwa kwa haki. Mwaka 1995, watafiti Wakenya, Macigo, Mwaniki na Guthua, walichapisha utafiti uliofanywa Meru kuhusu madoa meupe ya kinywani, ambayo baadhi yake hugeuka kuwa saratani. Waliona kwamba tumbaku ya kujisokotea, iitwayo kiraiku, pamoja na sigara ndizo zilizoambatana na madoa hayo kwa nguvu zaidi. Kutafuna miraa peke yake hakukuonyesha uhusiano wa wazi. Muguka una madhara yake mengine kwa usingizi, mfuko na familia, na hayo yana siku yake. Kwa upande wa kinywa, kijana anayetafuna ajiulize anaandamanisha na nini. Kama kila kishada kinakwenda na pakiti ya sigara, hatari imo kwenye pakiti.

MACHO NA TOCHI

Habari njema ni kwamba saratani hii huanzia mahali panapoonekana. Haijifichi ndani ya tumbo. Ipo nyuma ya meno, na mtu akifungua mdomo kwenye mwanga, inaonekana.

Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, utafiti mkubwa ulianza mwaka 1996. Wahudumu wa kawaida, si madaktari, walifundishwa kuangalia vinywa vya watu nyumba kwa nyumba kwa kutumia macho na mwanga tu. Waliokutwa na doa au kidonda cha kutiliwa shaka walipelekwa kwa daktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyofanyiwa uchunguzi. Theluthi moja ya vifo iliepukwa kwa kufungua mdomo. Hakuna aliyeulizwa kundi lake la damu.

Kuwahi kuna maana kubwa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya kinywa na koo wanaogunduliwa kabla ugonjwa haujatoka mahali ulipoanzia, zaidi ya 8 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Ukigunduliwa baada ya kusambaa mbali mwilini, huwa ni chini ya nusu. Gonjwa ni lile lile. Kilichotofautiana ni muda.

JINSI YA KUJICHUNGUZA

Kila mtu mzima, na hasa anayetumia tumbaku, pombe au tambuu, anashauriwa kujiangalia mara moja kwa mwezi. Kinachohitajika ni kioo, mwanga wa jua au tochi ya simu, na mikono iliyonawiwa. Mwenye meno ya bandia ayatoe kwanza.

Angalia midomo nje, kisha ifunue uangalie ndani. Vuta shavu moja, kisha la pili. Angalia fizi za juu na za chini. Toa ulimi nje, uangalie juu, kisha kingo zake za kulia na kushoto, kwa kuwa hapo ndipo ugonjwa hupenda kuanzia. Inua ulimi uangalie chini yake. Inamisha kichwa nyuma uangalie kaakaa. Mwisho, pitisha vidole shingoni chini ya taya, pande zote mbili.

Mambo ya kumpeleka mtu kituoni ni haya:

- Kidonda mdomoni kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, hata kama hakiumi.
- Doa jeupe au jekundu lisilotoka kwa kusafishwa.
- Uvimbe au ugumu mdomoni, au tezi shingoni isiyopungua.
- Jino kulegea bila sababu, au meno ya bandia kuanza kubana.
- Ganzi ya ulimi au mdomo, au kutokwa damu bila kuumia.
- Taabu ya kumeza, kutafuna au kufungua mdomo.
- Sauti ya kukwaruza au maumivu ya sikio yasiyoisha.

Zingatieni maneno "hata kama hakiumi". Wengi huchelewa kwa sababu mwanzoni hakuna maumivu. Wengine hung'oa jino wakidhani tatizo ni jino, kisha shimo linakataa kupona. Wengine hupaka dawa za kuungaunga hadi miezi inapita. Kidonda kilichozidi wiki mbili kionwe. Mara nyingi kitakuwa jambo dogo, na mgonjwa atarudi nyumbani na dawa na moyo mweupe. Hakuna muuguzi atakayemlaumu mtu kwa kuja mapema.

UKIFIKA KITUONI

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mhamasishaji wa afya ya jamii anayehudumia nyumba yako. Mweleze kidonda kimeanza lini na unatumia nini. Usione haya kutaja ugoro au pombe; habari hiyo ni sehemu ya matibabu. Ikihitajika, utapewa barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa meno katika hospitali kubwa. Huko daktari anaweza kukata kipande kidogo sana cha nyama, baada ya kutia ganzi, na kukipeleka maabara. Kipimo hicho ndicho kinachosema ni saratani au siyo. Kupima kundi la damu hakuwezi kusema hivyo, na yeyote anayemuuzia mwananchi kipimo cha damu cha namna hiyo, au ratiba ya chakula ya "kundi lako" ya kuzuia saratani, anauza kitu kisicho na ushahidi.

Matibabu hutegemea hatua ya ugonjwa: upasuaji, mionzi, dawa za saratani, au mchanganyiko wake. Kila familia inahimizwa kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, wakati wote wakiwa wazima, badala ya kukimbizana na usajili mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Kwa anayetaka kuacha tumbaku au pombe, msaada upo. Nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo. Na kuacha kunalipa hata kwa aliyetumia miaka mingi: baada ya miaka mitano hadi kumi bila sigara, ile hatari ya ziada ya saratani ya kinywa na koo hupungua kwa nusu. Hilo ni kweli kwa kundi A, B, AB na O.

KADI YA DAMU INA KAZI YAKE

Hakuna anayeambiwa atupe kadi yake. Kujua kundi la damu kunaokoa maisha pale panapohusika: ajali barabarani, upasuaji, mama anayetokwa damu wakati wa kujifungua, na mjamzito mwenye damu ya hasi anayehitaji sindano ya kumlinda mtoto atakayefuata. Na watu wa kundi O wana jambo moja kubwa wanaloweza kulifanya kwa damu yao, nalo ni kuichangia. Dharura ikitokea na muda wa kupima haupo, damu ya O hasi ndiyo madaktari huikimbilia kwanza.

Basi kadi hiyo iwekwe kwenye pochi kwa kazi hiyo. Kwa habari ya kinywa, kinachohitajika ni kioo, tochi na ukweli kuhusu kile kinachoingia mdomoni. Jioni ya leo, kila mmoja akifika nyumbani ajiangalie, kisha amwangalie mzee wake ambaye haoni vizuri tena. Akiona kidonda kilichozidi wiki mbili, kesho asubuhi kituo cha afya kiko wazi.

 Maswali yanakaribishwa.